Namna ya Kugawana Faida na Wafanyakazi wa Kiwanda cha Korosho: Mwongozo kwa Wenye Kampuni wa Mtwara na Lindi

Mwenye kampuni anayetaka kugawana faida na wafanyakazi wake anapaswa kuamua mambo manne kabla ya msimu kufunguliwa: faida itahesabiwa vipi, fungu la wafanyakazi litakuwa kiasi gani, fungu hilo litagawanywa kwa kipimo gani kati yao, na nani atazikagua hesabu kwa niaba yao. Mambo hayo yakiamuliwa baada ya fedha kuingia, kinachotolewa kinabaki kuwa zawadi ya bosi. Zawadi hupokelewa kwa shukrani, lakini haimpi mbanguaji sababu ya kujali kama korosho imetoka nzima au imetoka vipande, kwa kuwa hajui kama kujali kwake kutaongeza kitu au la.

Sheria za Tanzania hazimlazimishi mwajiri binafsi kugawa faida kwa wafanyakazi. Kwa hiyo uhuru wa kupanga ni wako, ila ukishapanga na kuahidi kwa maandishi, ahadi hiyo inaweza kudaiwa kama sehemu ya masharti ya ajira. Mwongozo huu unatumia mfano wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho, kwa kuwa ndiyo biashara inayoajiri watu wengi wa msimu katika mikoa yetu, lakini mwenye mashamba ya chumvi Lindi au nyumba ya wageni Mikindani anaweza kuufuata kwa kubadilisha majina ya gharama.

Hatua ya kwanza: tenganisha mfuko wako na mfuko wa kampuni

Hatua hii haionekani kama inawahusu wafanyakazi, na kumbe ndiyo inayokwamisha mipango mingi. Mwenye kampuni asiyejilipa mshahara huchota kwenye akaunti ya kampuni kadiri shida zinavyomjia, leo ada ya mtoto, kesho mchango wa harusi, keshokutwa mabati ya nyumba, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema kwa uhakika faida ilikuwa kiasi gani. Jiwekee mshahara unaolingana na ule ambao ungemlipa meneja wa kuajiriwa, uingie kwenye orodha ya mishahara na ukatwe kodi kama wa wengine. Mfanyabiashara ambaye hajasajili kampuni anaweza kufanya hivyo kwa hesabu zake za ndani, ingawa mshahara anaojilipa hauhesabiki kuwa gharama mbele ya mamlaka ya kodi.

Kama mko wanahisa zaidi ya mmoja, pateni azimio la bodi kabla ya kutangaza lolote. Azimio liseme wazi kwamba mgawo wa wafanyakazi ni gharama ya kampuni inayotoka kabla ya kodi, na kwamba haufanani na gawio la wanahisa, ambalo hutoka kwenye faida iliyobaki baada ya kodi na kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa kampuni za kawaida zisizo kwenye soko la hisa. Malipo haya mawili yakichanganywa kwenye vocha moja, mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) atakuwa na maswali mengi, na atakuwa na haki ya kuyauliza.

Hatua ya pili: kubalianeni faida ni nini

Hapa ndipo penye kazi. Mfanyakazi anaona gunia zikiingia ghalani na maboksi yakitoka, anasikia bei ya mnada redioni, kisha anapiga hesabu yake kichwani. Hesabu hiyo karibu kila mara inatoa faida kubwa kuliko ile ya mhasibu. Si kwamba mmoja wao ni mwongo. Wanapima vitu tofauti, na ni juu yako kueleza tofauti hiyo kabla haijageuka manung'uniko.

Tofauti ya kwanza ni korosho zilizo ghalani. Kiwanda hununua korosho ghafi kwa wingi katika miezi michache ya minada, kuanzia Oktoba hadi karibu Januari, kisha hubangua kidogo kidogo kwa muda mrefu baada ya hapo. Kampuni inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba inafunga ghala likiwa limejaa, mkopo wa benki ukiwa juu na mauzo yakiwa machache. Hesabu za namna hiyo ni sahihi kisheria, lakini hazimwambii mtu yeyote kama msimu ulikuwa mzuri. Kampuni inaweza kumwomba Kamishna wa TRA ruhusa ya kubadilisha mwaka wake wa hesabu. Kwa mbanguaji wa korosho, mwaka unaoanza tarehe 1 Oktoba na kuishia tarehe 30 Septemba unaubeba msimu mzima, tangu kununua hadi kuuza. Kama huwezi kubadilisha, basi andaa hesabu ya ndani ya msimu kwa ajili ya mgawo, na ueleze kwenye waraka kwamba ndiyo itakayotumika. Shehena itakayobaki ithaminiwe kwa bei uliyonunulia, au kwa bei ya kuuzia kama imeshuka chini ya hapo. Usiithamini kwa bei unayotumaini kuipata.

Tofauti ya pili ni mkopo. Riba ni gharama na inapunguza faida, lakini kurejesha fedha zenyewe ulizokopa si gharama, ingawa zinatoka kwenye akaunti. Vivyo hivyo, mashine mpya ya kubangulia haiondolewi yote kwenye faida ya mwaka ulioinunua. Unaondoa uchakavu wake, yaani sehemu ya bei yake, mwaka hadi mwaka. Mwenye kampuni anayeondoa rejesho lote la mkopo na bei yote ya mashine kabla ya kugawa anajipunja heshima, maana mashine itabaki kuwa yake.

Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake nimezipanga ili ziwe rahisi kufuatwa. Kiwanda kimenunua tani 120 za korosho ghafi kwa wastani wa shilingi 3,000 kwa kilo, yaani shilingi 360,000,000. Korosho ghafi hutoa takriban robo au pungufu kidogo ya uzito wake baada ya kubanguliwa na kumenywa. Tuseme asilimia 22, ambayo ni kilo 26,400. Zimeuzwa zote, nzima na vipande, kwa wastani wa shilingi 20,000 kwa kilo, zikaingiza shilingi 528,000,000. Mishahara na malipo ya vibarua ni shilingi 60,000,000. Umeme, vifungashio na usafiri ni 32,000,000. Riba ni 20,000,000. Uchakavu ni 9,000,000. Gharama nyinginezo ni 7,000,000. Jumla ya gharama pamoja na korosho ni shilingi 488,000,000, na faida kabla ya kodi ni shilingi 40,000,000.

Tazama jinsi asilimia 22 inavyobeba kila kitu. Kama uangalifu wa wabanguaji na wamenyaji ungeiongeza ikafika 22.5, kiwanda kingepata kilo 600 zaidi kutoka kwenye gunia zilezile, na kwa bei hiyo ni shilingi 12,000,000. Tarakimu hiyo ndiyo hoja yako kubwa mbele ya mwanahisa mwenzako anayeuliza kwa nini wafanyakazi wapewe kilicho chenu.

Hatua ya tatu: panga fungu na mahali linapoanzia

Usigawe kuanzia shilingi ya kwanza ya faida. Weka kiwango ambacho kampuni inakibakiza chote kwa ajili ya mtaji wa msimu ujao, kisha gawa asilimia ya kile kinachozidi. Katika mfano wetu, shilingi 10,000,000 za kwanza zinabaki, na asilimia 15 ya shilingi 30,000,000 zinazozidi ni shilingi 4,500,000.

Fungu hilo likilipwa kama malipo ya ajira, linapunguza faida inayotozwa kodi. Bila mgawo, kampuni ingelipa asilimia 30 ya shilingi 40,000,000, ambayo ni 12,000,000, ikabakiwa na 28,000,000. Kwa mgawo, inalipa kodi kwenye shilingi 35,500,000, yaani 10,650,000, na kubakiwa na 24,850,000. Wafanyakazi wamepangiwa shilingi 4,500,000, lakini wanahisa wamepungukiwa na 3,150,000 tu. Tenga pia kiasi cha tozo zinazohesabiwa juu ya malipo ya wafanyakazi, kama mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na, kwa mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Usiahidi kiasi maalumu cha fedha. Hakuna mwenye kiwanda aliyepanga bajeti yake mwanzoni mwa msimu wa 2018/2019 akijua kwamba wakulima wangekataa bei za mnada na serikali ingeingia kununua korosho zao kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Biashara hii ina miaka ya namna hiyo. Ahidi asilimia, na useme mapema kama hasara ya mwaka uliopita itafidiwa kwanza kabla ya kugawa. Binafsi naona ifidiwe, lakini kwa mwaka mmoja tu. Ukiibeba hasara miaka mitatu, mfanyakazi aliyeajiriwa juzi atakuwa analipia msimu ambao hakuuona.

Hatua ya nne: chagua kipimo cha kugawia

Wapo wanaogawa sawa kwa sawa, na wapo wanaogawa kwa uwiano wa mishahara. Cha kwanza kinamuudhi fundi mitambo aliyekaa mwaka mzima, akaona kibarua wa wiki sita amepata sawa naye. Cha pili kinapeleka karibu kila kitu ofisini. Kipimo kinachofaa zaidi kwa mazingira yetu, kwa maoni yangu, ni kile kinachotumika Meksiko, ambako haki ya wafanyakazi kupata sehemu ya faida imo kwenye katiba ya 1917. Huko fungu hugawanywa nusu mbili: nusu moja kwa siku ambazo kila mtu amefanya kazi, na nusu nyingine kwa mshahara aliolipwa.

Tuseme wafanyakazi wote kwa pamoja wamefanya siku 5,000. Nusu ya kwanza, shilingi 2,250,000, ikigawanywa kwa siku hizo inatoa shilingi 450 kwa siku. Nusu ya pili ikigawanywa kwa mishahara ya shilingi 60,000,000 inatoa shilingi 37.50 kwa kila shilingi 1,000 ya mshahara. Mbanguaji wa msimu aliyefanya kazi siku 120 na kulipwa jumla ya shilingi 1,080,000 anapata 54,000 za siku na 40,500 za mshahara, jumla shilingi 94,500. Msimamizi aliyefanya siku 280 na kulipwa shilingi 4,200,000 anapata 126,000 na 157,500, jumla shilingi 283,500. Kama mgawo ungefuata mishahara peke yake, mbanguaji yule angepata 81,000 na msimamizi 315,000.

Wabanguaji wanaolipwa kwa kilo wanaingia kwenye hesabu hii bila shida, mradi mahudhurio yao yanaandikwa kila siku. Daftari la mizani peke yake halitoshi, kwa sababu linaonyesha kilo na halionyeshi siku. Anza daftari la mahudhurio siku ya kwanza ya msimu.

Kisha yaandikeni mambo yanayoleta ugomvi. Siku 84 za likizo ya uzazi zinazotolewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zihesabiwe kuwa siku za kazi, pamoja na siku za ugonjwa zenye cheti cha daktari. Viwanda vyetu vinaendeshwa na wanawake kwa sehemu kubwa, na mgawo unaomwadhibu mama kwa kujifungua utavunja imani ya meza nzima. Anayeondoka Desemba mvua zinapoanza ili akalime, kisha akarudi Aprili, ahesabiwe siku alizofanya na asifutiwe zile za mwanzo. Anayeacha kazi kabla ya mwaka kwisha apate sehemu ya siku zake. Anayefukuzwa kwa wizi, amueni wenyewe, ila amueni sasa, wakati hakuna mtu ambaye jina lake limetajwa.

Ipo rai ya kuongeza kipimo cha ubora, kwamba meza inayotoa korosho nzima nyingi ipate zaidi. Ni rai nzuri, lakini ilipwe kila mwezi kama posho ya uzalishaji. Ukiiingiza kwenye mgawo wa mwaka, hesabu itakuwa ngumu kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuikagua kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya tano: andika waraka na uusome kwa sauti

Waraka uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na usomwe mbele ya watu wote kabla ya kubandikwa, kwa sababu si kila mmoja atausoma ukutani. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

"Ndugu wafanyakazi, kwa mwaka wa hesabu unaoanza tarehe 1 Oktoba na kuishia tarehe 30 Septemba, kampuni itatenga asilimia 15 ya faida kabla ya kodi inayozidi shilingi 10,000,000. Nusu ya fungu itagawanywa kwa siku za kazi na nusu kwa mishahara iliyolipwa. Mgawo huu ni nyongeza. Hautapunguza mshahara, malipo ya saa za ziada wala haki yoyote iliyomo kwenye mkataba wa ajira. Mwaka ambao faida haitazidi kiwango hicho hakutakuwa na mgawo, na hesabu zitasomwa vilevile."

Sentensi ya tatu isiachwe. Mgawo wa faida hauwezi kuziba pengo la mshahara ulio chini ya kima cha chini, na mwajiri anayejaribu kuutumia hivyo atashindwa mbele ya afisa kazi. Kama mahali pa kazi pana tawi la chama cha wafanyakazi, kama TUICO au TPAWU, viongozi wa tawi wauone waraka kabla haujasomwa. Weka muda wa majaribio pia, kwa mfano misimu mitatu, ili kubadilisha asilimia baadaye kusionekane ni kuvunja ahadi.

Hatua ya sita: fungua hesabu

Wafanyakazi wachague wawakilishi watatu, mmoja akitoka kwenye kubangua, mmoja kwenye kumenya na kupanga madaraja, na mmoja kwenye ghala au mitambo. Wapewe nafasi ya kuziona hesabu pamoja na mhasibu siku chache kabla ya mkutano, wakiwa na stakabadhi za manunuzi na ankara za mauzo mezani. Huna haja ya kuwaonyesha mshahara wa kila mtu, jumla inatosha.

Katika mkutano anza na kilo, kisha uende kwenye shilingi. Waliofanya kazi wanajua gunia ngapi zimeingia na maboksi mangapi yametoka, na wakiona kilo zako zinalingana na walichokibeba kwa mikono yao, watakuwa tayari kusikiliza habari ya riba na uchakavu. Ukianza na riba, umewapoteza. Halafu jiandae kwa swali ambalo litaulizwa na mama mmoja wa meza ya madaraja, kwa upole na bila kutazama pembeni: "Samahani bosi, hiyo gari uliyokuja nayo imo humo kwenye gharama?" Jibu liwe tayari kwenye karatasi. Kama gari ni la kampuni, onyesha uchakavu wake na mafuta yake. Kama ni lako, onyesha kwamba halimo.

Hatua ya saba: kata kodi na ulipe

Mgawo huingia kwenye mapato ya ajira ya mwezi uliolipwa, hivyo hukatwa kodi ya mishahara, na kodi hiyo hupelekwa TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Hapa panahitaji maelezo ya mapema. Mfanyakazi wa shilingi 250,000 kwa mwezi yuko chini ya shilingi 270,000 ambazo hazitozwi, kwa hiyo hajazoea kukatwa. Akipata mgawo wa shilingi 180,000, mapato ya mwezi huo yanakuwa 430,000, na tukiweka kando michango ya hifadhi ya jamii, asilimia 8 ya shilingi 160,000 zinazozidi ni shilingi 12,800. Asipoelezwa, ataamini ofisi imemla. Tarakimu inayobandikwa ukutani iandikwe kabla na baada ya kodi.

Kama mwaka unafungwa Septemba, hesabu zinaweza kuwa tayari Desemba na malipo yakafanyika kabla shule hazijafunguliwa Januari, wakati ambapo kila kaya inatafuta fedha za sare na madaftari. Lipa kwenye akaunti au namba ya simu ya mfanyakazi mwenyewe, na hati ya malipo ieleze siku zake, mshahara wake na hesabu yake. Usimkabidhi msimamizi bahasha za meza nzima, na usimpe mume fungu la mke hata kama wote ni wafanyakazi wako. Mfanyakazi anayedaiwa na kampuni asikatwe deni kwenye mgawo bila ridhaa yake ya maandishi.

Watu wa msimu watakuwa wametawanyika wakati huo, huyu Tandahimba, yule Nachingwea. Chukua namba ya simu ya kila mmoja na ya ndugu yake mmoja siku anapoondoka, na waraka uruhusu fungu lisilochukuliwa kukaa miezi sita kabla ya kurudishwa kwenye fungu la mwaka unaofuata. Lisirudi kwenye akaunti ya kampuni.

Na mwaka ambao hesabu zinaonyesha shilingi 6,000,000 za faida, chini ya kiwango mlichokubaliana, mkutano uitishwe tarehe ileile, wawakilishi watatu wazikague stakabadhi zilezile, na karatasi ibandikwe ikiwa na sifuri kwenye safu ya mgawo.